Koti Lisilo na Jina

Kwa miaka kumi na mmoja fundi cherehani yule aliitwa Ng'ambo, na aliyemwita hivyo kwanza alikuwa jirani yake kinyozi, mtu asiyejua kunyamaza hata wembe ukiwa kooni mwa mteja. Jina lenyewe lilitoka redioni. Kengele, mwimbaji ambaye wakati ule hapakuwa na nyumba isiyomjua, aliulizwa na mtangazaji ni nani anayemshonea makoti meupe anayovaa jukwaani, naye akajibu bila kusita, "Hayo hutoka ng'ambo." Fundi alikuwa mezani pake akikata mkono wa koti la kumi na nne la mtu huyo huyo. Mkasi haukusimama. Alimaliza kukata, akauweka chini, akaizima redio, kisha akainua macho akaona watu watatu wamesimama mlangoni wakimtazama. Miaka mingi alikuwa amewaambia, kila walipomuuliza, kwamba makoti yale ni kazi ya mikono yake.

Ushahidi hakuwa nao. Kengele alikuwa na desturi yake: kila onyesho, katika wimbo wa mwisho, huvua koti akalirusha kwa mashabiki, nao hulivuta huku na huku mpaka likabaki vitambaa. Tena tangu koti la kwanza alikuwa amemkataza fundi kushona ndani ya kola ile lebo ndogo ya buluu yenye jina lake, ambayo wateja wengine wote waliondoka nayo. "Jukwaani kuna jina moja tu," alisema. Kilichobaki ni daftari la vipimo, na daftari hilo fundi hakulifungua kwa ajili ya kujitetea. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa amemwapisha, mkono juu ya cherehani, kwamba vipimo vya mteja havisomwi mbele ya mtu wa tatu, awe mke, awe hakimu. Basi akabaki na daftari lake kabatini, na jina la Ng'ambo mlangoni, akihesabiwa na mtaa mzima kuwa mwongo. Yeye ambaye hakuwahi kumdanganya mtu hata siku ya kuchukua suruali.

Ndipo tangazo likabandikwa kwenye ukuta ng'ambo ya barabara. Kengele, baada ya miaka tisa ya kimya, angeimba tena Jumamosi alasiri katika ukumbi wa zamani.

Siku lilipobandikwa tangazo hilo kinyozi hakuwa na mteja, akaja kukaa kwenye benchi la fundi kama alivyozoea. Benchini alimkuta mwalimu mstaafu, aliyeleta suruali ya kupunguza upindo na ambaye, upindo ukiisha, hakuwa na haraka ya kurudi kwenye nyumba isiyokuwa na mtu.

"Amekwisha," alisema kinyozi, akilielekezea tangazo kidole. "Mtu akikaa miaka tisa bila wimbo mpya, huyo si mwimbaji tena. Ni picha ya ukutani."

"Na wewe ulitoa nini kipya katika miaka tisa?" aliuliza mwalimu. "Unatunyoa kichwa kile kile."

"Mimi sijajiita mfalme, mwalimu!"

"Hata yeye hakujiita. Sisi ndio tulimwita."

"Mkampa kichwa, basi. Kikavimba mpaka shingo ikashindwa kukibeba. Niambie, alimfukuza mpiga gita wake kwa kosa gani? Watu walikuwa wanapiga makofi zaidi wakati wa gita kuliko wakati wa kuimba. Kosa ndilo hilo! Na baada ya yule kuondoka, kila wimbo ulichechemea. Mimi sina elimu yako, lakini sikio ninalo."

Mwalimu alijinyoosha kama aliyesimama mbele ya ubao. "Mwanafunzi aliyepata mia kwa mia, huwezi kumnyang'anya mia yake kwa sababu leo amesahau hesabu."

"Mia yenyewe alinakili kwa mpiga gita."

Fundi alitabasamu kidogo juu ya cherehani, na kinyozi, aliyekuwa na jicho la kuona tabasamu lililofichwa, akamgeukia. "Ng'ambo! Sema basi. Wewe ndiye rafiki yake."

Alicheka, na sauti yake ikasikika mpaka dukani kwake. Mwalimu hakucheka. Mwalimu hakuwahi hata siku moja kumwita fundi kwa jina lile. Aliangalia tu upindo wa suruali, akaufuta vumbi ambalo halikuwapo, na fundi akajua, kama alivyojua siku zote, kwamba mtu huyu mpole, aliyemwamini Kengele kwa kila neno, hawezi kumwamini yeye pia. Utani wa kinyozi aliweza kuuvumilia. Adabu ya mwalimu ilimchoma.

"Nilimwona mwaka jana," kinyozi aliendelea, akishusha sauti kama mwenye siri. "Ndani ya gari, kioo kimefungwa nusu. Mashavu yamejaa kama anapuliza tarumbeta. Jumamosi mtaona pipa linaimba."

"Huwezi kujua mwili wa mtu kwa nusu ya kioo."

"Nanyoa vichwa, mwalimu. Shavu likikaa vile, najua na tumbo limekaaje."

Hapo simu ya fundi ikalia. Aliichukua, akasikia neno moja tu, "Fundi," akainuka akaenda nyuma ya pazia. Sauti aliitambua papo hapo, ingawa ilikuwa na kitu kigeni ndani yake, kama kitambaa kizuri kilichofuliwa mara nyingi mno.

"Nataka koti jeupe. La Jumamosi."

"Njoo nikupime."

"Vipimo vyangu si unavyo?"

"Ni vya miaka kumi na mmoja iliyopita, bwana. Mwili hubadilika."

"Wa kwangu haubadiliki. Shona kwa vile vile, nitakuja Ijumaa kujaribu. Na mara hii nitakutaja. Jukwaani, mbele ya watu wote."

Simu ikakatwa. Fundi akatoka nyuma ya pazia.

"Nani huyo?" aliuliza kinyozi.

"Mteja," alisema fundi, akakaa kwenye cherehani.

Mkewe alikuwa chumba cha nyuma akitoboa matundu ya vifungo, kazi aliyoifanya kwa sindano ya mkono kwa sababu aliidharau mashine ya matundu. Alimtazama mumewe akiingia.

"Una uso wa mtu aliyeokota kitu na hajui kama ni chake."

Akamweleza. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho bila kuiacha sindano, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Eti atakutaja. Kwani mara ya kwanza hakukutaja?"

"Hakunitaja, mama."

"Alikutaja vizuri sana. Mpaka leo sokoni naitwa Mama Ng'ambo. Mwanao alimaliza shule hataki kuwaambia wenzake baba yake anafanya kazi gani. Na wewe unataka kumshonea tena!"

"Nataka kusikia akisema."

"Na asiposema?"

Fundi alitazama vidole vyake, akasema polepole, "Nataka pia kumwona. Sijui kwa nini. Miaka yote hii namsikia akizungumzwa kama mvua iliyonyesha zamani. Nataka kujua amekuwaje."

Mkewe aliuma uzi kwa meno. Yeye pia, ingawa angekana, alikuwa na hamu hiyo hiyo; nani asingekuwa nayo? "Kitambaa kile cheupe tulichomwekea bwana harusi aliyeghairi," alisema, "bado kipo juu ya kabati. Kimetimia."

Fundi alipochukua ufunguo wa kabati la daftari, mke akaweka chini kazi yake, akatoka nje kuangalia nguo kwenye kamba. Alifanya hivyo kila mara, tangu alipoolewa, bila kuombwa.

Vipimo vilikuwa pale pale, kwa penseli: kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono. Aliyekuwa na vipimo vile alikuwa mtu aliyejaa, kifua cha kuziba mlango. Fundi alikata kwa vipimo hivyo, kama alivyoagizwa, lakini mkono ukakataa kutii moja kwa moja. Alimkumbuka kinyozi na pipa lake. Mtu aliyezoea kusifiwa na kula vizuri, miaka tisa amekaa tu, ataongezeka tu. Basi akaacha akiba ya kitambaa ndani ya kila mshono, inchi mbili kila ubavu, ili Ijumaa akija amevimba amfungulie bila kumwaibisha. Alijipongeza kwa busara hiyo. Siku tatu alishona kuanzia asubuhi, na kila mpita njia alipochungulia, alikunja lile koti jeupe ndani ya shuka, kwa kuwa hakutaka kusema kwa mdomo wake jambo ambalo lingesemwa jukwaani.

Lebo ya buluu hakuiweka. Hata wazo la kuiweka halikumjia. Mikono yake ilikuwa imezoea kola ya mtu yule kuwa tupu.

Ijumaa, saa nane mchana, mlango wa nyuma uligongwa. Mke wa fundi alifungua, akamwona mzee mwembamba, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, amesimama karibu na ndoo za taka.

"Mlango wa duka uko mbele, baba," alisema kwa upole. "Kama ni mambo ya kutiliwa kiraka, mwachie fundi tu, atakufanyia."

Mzee akavua kofia. Mwanamke akalitambua lile paji la uso, aliloliona kwenye mabango ya miaka ishirini, akarudi nyuma hatua moja, akasahau maneno yote makali aliyokuwa ameyapanga tangu Jumanne.

"Karibu ndani," alisema. "Kuna ngazi, angalia."

Kijumba cha kujaribia nguo kilitengwa na duka kwa pazia na ubao mwembamba. Fundi aliwasha taa, akamvalisha koti, akasogea nyuma kama ilivyo kazi yake, wote wawili wakatazama kioo.

Koti lilining'inia. Mabega yalipitiliza mabega, yakaanguka kama mbawa za ndege aliyelowa. Mbele palikuwa na nafasi ya mtu wa pili. Fundi alihisi joto la aibu likimpanda shingoni. Katika maisha yake yote alijisifu kwamba hapimi mtu kwa macho, na safari hii alikuwa amempima kwa maneno ya kinyozi. Akiba yote ile ya kupanulia! Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mtu mwenye majivuno anaweza kupungua.

"Umelishona kubwa," alisema Kengele.

"Nimelishona kwa vipimo vyako."

Mwimbaji alijitazama kwa muda mrefu, bila hasira, kwa udadisi, kama anayesoma barua iliyoandikwa kwa mkono asioujua.

"Basi mimi ndiye nimeshonwa mdogo," alisema.

Fundi akachukua futi ya kitambaa, akampima upya. Idadi ya inchi alizopungua imo daftarini, na itabaki humo.

"Ubavu nitaubana kwa saa moja," alisema. "Shida ni mabega. Bega halipungui mpaka mikono yote miwili ifumuliwe. Utasimama kidogo."

"Nimesimama maisha yangu yote."

Fundi akajaza pini mdomoni, akaanza kufumua mkono wa kulia. Wakati huo huo benchi la mbele liligongwa na makalio ya watu wawili, na sauti zikapenya ubao kana kwamba haupo.

"Kesho!" Ilikuwa sauti ya kinyozi. "Kesho hatarusha koti, mwalimu, atarusha kitambi!"

Fundi aliganda. Alitaka kukohoa, lakini mdomo ulikuwa umejaa pini. Kengele aliinua kidole kimoja, taratibu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na ilimchukua fundi muda kutambua kwamba mtu yule alikuwa anacheka.

"Utakuja kula maneno yako," alijibu mwalimu. "Mtu yule aliimba, na watu waliogombana wakapatana. Aliimba, wagonjwa wakainuka wakakaa kitandani. Hakutakuwa na mwingine kama yeye. Alikuwa mnyenyekevu, alikuwa baba wa vijana, alikuwa..."

"Alikuwa, alikuwa," Kengele alinong'ona. "Huyu anayenisifu kama marehemu ni nani?"

Fundi alitoa pini tatu. "Mwalimu mstaafu."

"Mnyenyekevu, eti! Na yule mwingine?"

"Kinyozi."

Kinyozi alikuwa ameshafika kwa mpiga gita. Alieleza tena jinsi alivyofukuzwa, tena kwa barua, tena siku ya mazoezi, mbele ya wenzake. Na jinsi sauti ya Kengele ilivyobaki peke yake kama mtu aliyesusiwa karamu. Kengele alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Koti lilikuwa na mkono mmoja.

"Huyo ana sikio," alisema mwishowe. "Ila barua hapakuwa na barua. Nilituma mtu. Ni mbaya zaidi. Yule bwana alikuwa akipiga kitu kidogo mwisho wa kila ubeti, hivi, sauti nne tu. Nilikuwa nasimama nangoja zile nne kama mtoto. Siku moja nikaona watu nao wanangoja zile nne, si mimi."

Mara benchi likagongwa kwa kiganja. "Ng'ambo!" kinyozi aliita. "Mbona umejifungia leo? Au umemficha Kengele wako humo ndani?" Kicheko kikafuata.

Mwimbaji aligeuka. "Ng'ambo ndiye nani?"

Fundi alizitoa pini zilizobaki moja moja, akazichomeka kwenye mto mdogo wa pini aliofunga kwenye kifundo cha mkono.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili yako."

Akamwambia, kwa sauti ya chini na bila kuongeza chumvi: redio, swali, jibu, watu watatu mlangoni, mkewe sokoni, mtoto shuleni. Kengele alikunja uso akitafuta.

"Sikumbuki," alisema.

Kati ya yote aliyowahi kuyawazia kwa miaka kumi na mmoja, hilo fundi hakuwa amelitarajia. Alikuwa ameandaa jibu la kila udhuru. La kusahauliwa hakuwa nalo. Aliinama akaokota uzi uliodondoka, ili apate mahali pa kuweka uso wake.

"Lakini najua kwa nini nilisema," Kengele aliendelea. "Ningekutaja, kesho yake watu mia wangekuwa mlangoni pako. Kila bwana harusi angevaa bega langu. Sikutaka."

"Basi unakumbuka."

"Sikumbuki kusema. Namkumbuka tu mtu niliyekuwa. Yule angesema hivyo, na kwa sababu hiyo."

Fundi hakujua kama ametukanwa au amesifiwa. Aliligeuza neno lile kichwani kama anavyogeuza kitambaa kutafuta upande wa nje, na hakuuona. Akauliza jambo jingine, alilotaka kuliuliza tangu kofia ilipovuliwa. "Ni maradhi?"

"Tumbo. Miaka minne. Wao wanadhani nilikuwa nawanunia." Alitikisa kichwa upande wa benchi. "Mwanzoni ni kweli nilikuwa nawanunia. Usimwambie mtu."

"Vipimo havisemwi," alisema fundi, akalipiga bandi bega la kushoto, ile mishono mirefu ya kushikiza tu.

Ukumbi Jumamosi ulijaa mpaka madirishani. Fundi na mkewe walikaa safu ya saba, na kwa kuwa tiketi walizinunua mahali pamoja, kinyozi na mwalimu walikuwa ubavuni mwao. Mke alikuwa amevaa nguo ambayo hakuivaa tangu harusi ya mwanawe. Hakusema kwa nini, na hakuulizwa.

Kengele alipotokea, watu walivuta pumzi kwa pamoja. "Siye," alinong'ona kinyozi, akainuka nusu. "Siye huyu! Pipa liko wapi?" Kisha yule mtu mwembamba katika koti jeupe akafungua mdomo, na watu wakajua kwamba ndiye. Sauti ilikuwa imeshuka. Pale ilipozoea kupanda haikupanda, aliizungusha ikapita chini, na mara nyingine aliwaelekezea watu kipaza sauti wamalizie ubeti, akivuta pumzi huku wakidhani anawakirimu. Ilikuwa si ile. Lakini fundi aliona watu wameinama mbele kwenye viti, kama wasikilizao habari kutoka chumba cha jirani, na hata kinyozi alikuwa amenyamaza.

Koti lilikaa. Alipoinua mkono bega halikuinuka nalo. Fundi alitazama bega hilo kuliko alivyotazama uso.

Kabla ya wimbo wa mwisho Kengele akaanza kushukuru. Alimshukuru mwenye ukumbi. Aliwashukuru wapigaji wake vijana. Alimtaja mpiga ngoma wake aliyekufa, ukumbi ukasimama kwa heshima, kisha ukakaa. "Na kuna mtu mmoja," alisema. Mke wa fundi akamshika mumewe mkono kwa nguvu, kucha zikamwingia. "Kuna mtu mmoja..." Hapo makofi yakalipuka upande wa nyuma, yakasambaa, watu wakaimba jina lake, Kengele, Kengele, Kengele. Yeye akasimama katikati ya makofi yale macho ameyafumba. Alipoyafumbua alitoa ishara kwa wapigaji, na wimbo ukaanza.

Mwishoni watu walipaza sauti. "Koti! Koti!" Walinyoosha mikono. Kengele akashika kola kwa mikono yote miwili, ukumbi ukapiga kelele. Kisha, polepole, akafunga kifungo cha juu, cha kati na cha chini, akainama, akaondoka.

Waliondoka katikati ya miluzi. "Umeona? Hata koti anatunyima!" kinyozi alimwambia kila aliyetaka kusikia. Fundi alitembea akitazama viatu vyake. Walipofika kona ya mtaa wao mkewe akasema, "Mabega yalikaa vizuri sana."

Jumatatu asubuhi benchi lilijaa mapema.

"Ni majivuno," alisema kinyozi. "Zamani alitupa kwa sababu analo jingine nyumbani. Siku hizi hana, anabana."

"Ni huzuni," alisema mwalimu. "Alitaka kuondoka na kitu." Alifikiri kidogo, uso wake ukang'aa. "Lakini koti lile! Mliyaona mabega? Hawa mafundi wa ng'ambo, lazima tuwape haki yao."

Cherehani ilisimama. Ikaanza tena.

"Mwalimu, wacha," alisema kinyozi, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Niache nini?"

"Miaka yote namtania huyu bwana, ndiyo kazi yangu. Lakini mimi naamini makoti yale aliyashona yeye. Mtu akitaka kudanganya, hudanganya kitu kikubwa. Nani anadanganya kuhusu kushona? Ni wewe tu na Kengele wako..."

Hakumaliza. Mlango wa mbele, ule wa barabarani, ulikuwa umejaa mwanga, na katika mwanga huo alisimama mzee mwembamba asiye na kofia, koti jeupe limekunjwa mkononi. Wapita njia wawili walikuwa wamesimama nyuma yake, mdomo wazi.

"Fundi," alisema, na sauti hiyo haikuhitaji kutambulishwa. "Koti lako halina jina."

Fundi alisimama.

"Juzi nilifika kwenye jina lako. Makofi yakaanza, nikaona uchoyo. Nimezeeka, uchoyo haujazeeka." Akaliweka koti juu ya meza, ndani kwa nje, kola tupu ikiangalia dari. "Shona lebo yako humo. Nitangoja."

Kutoka chumba cha nyuma kikasikika kishindo cha kopo la bati likianguka, na vidole vya mwanamke vikitafuta sakafuni. Alitokea na lebo moja ya buluu, akampa mumewe. Fundi alijaribu kutia uzi kwenye sindano mara tatu. Ya nne mkewe akaichukua, akamtilia, naye akaishona lebo kolani.

Kengele alikwenda kwenye benchi. Kinyozi akasogea kushoto, mwalimu akasogea kulia, akakaa katikati yao, mikono juu ya magoti.

"Endeleeni," alisema. "Ijumaa mlikuwa mmefika kwa mpiga gita. Nina la kuongeza."

Mwalimu alikuwa akimtazama fundi. Uso wake ulikuwa wa mwanafunzi aliyegundua, baada ya kutoka katika chumba cha mtihani, swali gani alilikosea. Lakini aliyeinuka alikuwa kinyozi. Alikwenda mpaka mezani, akainama juu ya kola, akaisoma ile lebo kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto anayejifunza, wapita njia wakisikia. Kisha akamgeukia mwenye duka akamwita kwa jina hilo, apate kumuuliza kwa nini koti halikurushwa.

Fundi hakuitika. Ilibidi aitwe mara ya pili ndipo akajua kwamba ni yeye.